Nyota ya Kuondokea

Nyumba yetu ni ya mwisho katika kijiji cha Ha Lephoi. Ukiipita unakuta zizi la mawe, kisha mlima. Barabara haifiki kwetu. Inaishia ng'ambo ya mto, kwenye bango linalosema kwamba itafika. Bango limeota kutu.

Tunaishi wawili, mimi na binti yangu Lineo. Mume wake yuko migodini, upande wa pili wa mpaka. Kijijini naitwa Ntate Ralineo, maana yake baba Lineo. Mke wangu aliitwa Mme Malineo, yaani mama Lineo. Ameshafariki.

Tuna mbuzi thelathini na mmoja wa manyoya marefu. Hatuna kingine cha kuuza. Manyoya ya majira ya machipuko ndiyo yanayotulisha mpaka mahindi yakomae. Mwezi wa tisa ukiisha, mipichi imeshatoa maua, na usiku na mchana vimelingana urefu. Mbuzi wanaanza kujikuna kwenye mawe. Hapo usipoyakata manyoya, yanadondoka yenyewe. Unayakuta kwenye miiba, tonge moja huku, tonge jingine kule. Manyoya ya kwenye miiba hakuna anayeyapokea.

Banda la kukatia manyoya liko Ha Rasebei. Ukiwa na mbuzi ni mwendo wa saa mbili na nusu. Kila kijiji kina siku yake. Majina yanasomwa jua linapochomoza. Jina likisomwa na wewe hupo, limepita. Kamati ndiyo iliyotunga sheria hiyo. Wanakamati wote wanakaa Ha Rasebei, karibu na banda. Wao wanaamka, wananawa uso, wamefika.

Mwaka jana jirani yetu mmoja mwenye saa alituamsha. Mwaka huu alikuwa amehamia mjini. Zamu yetu iliangukia Alhamisi, tarehe nane Oktoba. Jumatano jioni tulikuwa tunakula papa, ndio ugali wetu, na moroho ya mboga za majani. Lineo alikuwa anakwangua ukoko wa chungu.

"Ntate, simu imezima," alisema.

"Ichaji."

"Kwa umeme upi? Paneli imekufa."

Paneli hiyo ya jua tulipewa wakati wa kampeni. Ilikufa kabla aliyeigawa hajaapishwa.

"Sasa kesho tutaamkaje?" Lineo aliuliza.

"Kwa Mphatlalatsane."

"Nyota?"

"Nyota ya alfajiri. Baba yangu aliondoka nayo. Babu yangu aliondoka nayo. Mwaka jana mwezi wa sita, nilipokwenda kusaga mahindi Ha Rasebei, niliondoka nayo. Ilipotoka nikapakia punda. Nilipofika kinuni jua likachomoza. Saa gani itakuambia vizuri hivyo?"

"Ile iliyoko mkononi mwa mtu."

"Unayo?"

"Sina."

"Basi maliza ukoko wako ulale."

Nje, juu ya mlima wa magharibi, Sefalabohoho ilikuwa inang'aa. Ni nyota ya jioni. Sisi tunaijua kama nyota ya wakwangua ukoko, kwa sababu inaonekana watu wakiwa kwenye vyungu. Niliiona. Sikuwa na shughuli nayo. Niliyoitaka mimi ilikuwa ya alfajiri.

Usiku ule sikulala. Niliketi mlangoni nimejifunika blanketi, nimetazama mashariki. Katika mlima wa mashariki kuna pengo, kama jino lililong'oka. Mphatlalatsane hutokea pale. Kulikuwa na baridi lakini mbingu ilikuwa safi. Kaskazini, juu ya zizi, niliona Selemela, lile kundi dogo la nyota zinazobanana. Selemela tunaijua kwa kilimo tu. Niliiangalia kidogo, nikarudisha macho kwenye pengo.

Pengo lilikuwa tupu.

Nilingoja. Nikavuta tumbaku. Nikangoja tena. Kamwezi kembamba kakatoka. Nikasema moyoni, nyota iko nyuma yake. Haikuwa nyuma yake.

Jogoo aliwika. Lineo akatoka na kandili.

"Ntate, jogoo huyo."

"Jogoo amekosea. Mphatlalatsane bado."

Alitazama mashariki. Mlima ulikuwa umeanza kuonekana umbo lake.

"Ntate, kunapambazuka."

"Haiwezekani. Nyota haijatoka."

"Basi jogoo amekosea, na jua nalo limekosea. Tufungue zizi au tuliandikie jua barua?"

Tulifungua zizi. Tuliwaendesha mbuzi kama watu waliofukuzwa. Mbuzi wa manyoya marefu hapendi kukimbizwa. Kwenye miamba anasimama, anakutazama. Tulipovuka mto jua lilikuwa limeshafika kwenye bega la mlima. Tulipofika Ha Rasebei kivuli cha banda kilikuwa kifupi.

Karani alikuwa Mme Mamokone, mwanamke mnene mwenye kalamu mbili nyweleni. Alikuwa anakunywa motoho, uji mchachu wa mtama, kwenye kikombe.

"Ha Lephoi imeshasomwa, Ntate," alisema. Hakunyanyua macho.

"Tumetoka mbali, Mme."

"Wote wametoka mbali."

"Kamati haijatoka mbali."

Hapo alinyanyua macho. "Ntate, mimi sikuiandika sheria. Mimi nasoma majina. Wakataji ni sita, na lori linaondoka saa tisa mchana. Nikianza kungojea, nani atakatiwa?"

Lineo alinivuta blanketi. Aliuliza kwa upole, "Mme, hakuna siku nyingine?"

"Kuna siku moja ya waliopitwa. Alhamisi ya wiki ya pili kutoka leo. Jua likichomoza, kama leo. Baada ya hapo mikasi inafungiwa mpaka mwakani. Na msiwaache wanyeshewe. Manyoya mabichi hayapokelewi."

Wiki mbili. Nilimshika mbuzi mmoja, nikamvuta manyoya ya ubavuni kidogo tu. Yalitoka mkononi. Lineo aliyaona.

Njiani kurudi sikunyamaza. Niliilaani kamati. Nikamlaani aliyegawa paneli. Nikamlaani waziri, ingawa sijui wa manyoya ni yupi. Lineo alitembea mbele. Mwishoni alisema, "Na nyota je? Mbona umeisahau?"

Nikailaani na nyota.

Karibu na kijiji tulimkuta Ntate Khoaele anafunga mzigo wa kuni. Anakaa ng'ambo ya korongo. Alikuwa kusini miaka mingi, akarudi amezeeka, na watu hawajui vizuri alikuwa anafanya nini huko. Alitazama mbuzi.

"Ralineo, mbona mnarudi na nguo zao?"

"Tumechelewa. Mphatlalatsane haikutoka."

Alisimama na kamba mkononi. Kisha akacheka mpaka akakalia kuni.

"Bwana wee! Unaingoja Mphatlalatsane mwezi huu? Utaota mizizi. Alfajiri haipo, iko jioni."

"Jioni kuna Sefalabohoho."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Usinichezee, Khoaele. Sijalala."

"Ni nyota moja, Ralineo. Nyota moja yenye majina mawili. Njooni kwangu leo jua likizama. Lineo, mwanangu, njoo na sahani nyeupe ya bati. Wewe Ralineo njoo na masikio."

Sikutaka kwenda. Lineo alichukua sahani, akatoka. Nikamfuata kwa sababu giza lilikuwa linaingia na kwenye korongo kuna mawe mabaya.

Ntate Khoaele alikuwa amewasha moto uani. Alitupatia viti. Kisha akatueleza kazi yake ya kusini.

"Nilikuwa mpishi. Miaka kumi na mbili, kule Karoo, kwenye nyumba za darubini kubwa. Wale watu mchana wanalala, usiku wanatazama nyota. Saa nane usiku wanataka supu. Ukimpelekea mtu supu miaka kumi na mbili, unasikia mengi."

"Walikufundisha?" Lineo aliuliza.

"Wanifundishe mimi? Walikuwa wanabishana wao kwa wao. Mimi nilikuwa nasimama na sufuria."

Alingoja mpaka jua likazama lote. Alisema ni lazima, kwa sababu ukielekeza darubini kwenye jua unapofuka. Kisha akatoa kwenye kitambaa darubini ndogo ya mkono. Jicho moja lilikuwa na ufa. Sefalabohoho ilikuwa juu ya mlima wa magharibi, chini kuliko nilivyodhani.

"Tazama kwa jicho zima," aliniambia. "Egemeza mkono ukutani."

Nilitazama. Kwanza niliona mwanga unaruka. Nikaegemea vizuri. Ukatulia.

Haikuwa kama nyota. Ilikuwa kama mwezi mchanga. Mwezi mdogo kabisa, mwembamba, na pembe mbili.

"Umeona nini?"

"Mwezi."

"Mwezi wenyewe uko wapi leo?"

"Unatoka alfajiri."

"Basi huo sio mwezi. Mpe binti yako."

Lineo alitazama. Alishusha darubini, akaitazama nyota kwa macho, akanyanyua darubini tena. "Imeliwa upande mmoja," alisema. "Kama mkate."

"Haijaliwa. Simama na sahani yako, mwanangu. Huu moto ni jua. Ralineo, wewe ni dunia."

"Mzigo mkubwa huo."

"Kaa tu, hutabeba kitu. Lineo, zunguka moto polepole. Uso wa sahani uelekee kwenye moto wakati wote."

Lineo alizunguka. Alipokuwa ng'ambo ya moto, sahani ilikuwa imeangazwa yote, lakini ndimi za moto zilinizuia kuiona.

"Inaonekana?" aliuliza Ntate Khoaele.

"Moto unaniumiza macho."

"Hapo ndipo inapopotea muda mrefu, karibu miezi miwili. Iko nyuma ya jua. Endelea, mwanangu."

Lineo alikuja upande wangu wa kushoto. Sahani ilinigeuzia ubavu, nikaona kama nusu tu ya uso wake wenye mwanga.

"Huko ni jioni. Sefalabohoho. Inakaa jioni karibu miezi tisa. Sogea tena."

Alisogea akaja kati yangu na moto. Kadiri alivyosogea, mwanga wa sahani ulibaki ukingoni tu, mwembamba, na pembe mbili. Kisha ukaisha. Niliona mgongo mweusi wa sahani.

"Hapo inapotea tena, lakini siku chache. Kwa milima yetu hii, siku kumi, kumi na mbili. Endelea."

Lineo alitokea upande wangu wa kulia. Ukingo wa sahani ukawaka tena.

"Huko ni alfajiri," alisema Ntate Khoaele. "Huyo sasa ni Mphatlalatsane. Sahani imebadilika?"

"Hapana."

"Mbebaji je?"

"Ni Lineo yule yule."

"Haya."

Niliwaza. Nikasema, "Lakini Selemela inarudi kila mwaka. Majira yale yale, mahali pale pale. Mwaka jana mwezi wa sita niliondoka na hii, nikafika kinuni jua linachomoza. Kwa nini isirudi?"

"Selemela iko mbali sana, nje ya mzunguko huu. Hiyo inafuata majira. Hii inazunguka jua kama sisi, kwa mwendo wake. Mwaka jana mwezi wa sita ilikuwa inalitangulia jua kwa saa tatu. Ndiyo maana ulifika kinuni vizuri. Mwaka jana mwezi wa kumi ilikuwa inalitangulia kwa chini ya saa moja. Hukujua, kwa sababu jirani alikuamsha. Na tangu hapo umeamka kabla ya jua mara ngapi?"

Tangu Malineo afe sina sababu ya kuamka kabla ya jua. Mbuzi wanatoka umande ukikauka.

"Sasa hivi," alisema, "iko hapa." Alimrudisha Lineo karibu na moto, kushoto kidogo. "Kila jioni inashuka. Baada ya siku kama kumi na mbili hamtaiona tena. Mwanzo wa Novemba itatoka alfajiri, mpya. Na wale watu wa supu walisema jambo jingine. Baada ya miaka minane inarudi pale pale, juma lile lile. Tofauti ni kwamba inawahi kwa siku mbili hivi."

Lineo alisimama na sahani yake. Alinitazama.

"Miaka minane iliyopita," nilisema, "mwanzo wa Novemba. Ilikuwa inatoka alfajiri?"

"Ndiyo ilikuwa inaanza kutoka. Nyembamba, kama itakavyokuwa mwaka huu."

Nilijua kwamba ni kweli. Miaka minane iliyopita, tarehe sita Novemba, tulimbeba Malineo kwenye machela usiku mpaka mwisho wa barabara. Gari la zahanati liliambiwa lije. Liliahidi. Tulikaa chini ya bango tukingojea. Kulipoanza kupambazuka aligeuza kichwa, akaona nyota kwenye pengo la mlima. Alisema, "Mphatlalatsane hiyo. Mbona hatuondoki?" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Gari lilifika mchana. Dereva alisema halikuwa na mafuta.

Sikumwambia Ntate Khoaele. Nilimuuliza tu, "Sasa nitaondoka na nyota ipi?"

"Ile ambayo hukuijali. Selemela."

Alitufundisha hivi. Simika nguzo iliyonyooka uani. Mchana, kivuli chake kikiwa kifupi kuliko saa zote, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli. Usiku kaa penye jiwe, tazama nguzo. Hapo unatazama kaskazini. Nyota ikifika nyuma ya nguzo imefika juu kabisa, haipandi tena, inaanza kushuka.

"Jana usiku Selemela ilifika juu kabisa saa tisa kasoro robo," alisema. "Ungeondoka hapo, ungefika jua linachomoza. Lakini sikiliza. Nyota hizi zote zinawahi kila siku kwa dakika nne. Siku kumi na tano ni saa nzima. Ukiondoka na Selemela siku ya waliopitwa, utafika mapema mno, mbuzi wakae na baridi. Siku hiyo ondoka na ile nyekundu inayoifuata Selemela. Katikati ya Novemba unaondoka na zile tatu zilizopangana mstari mmoja. Ni zamu. Kila wiki mbili tatu mwingine anashika zamu."

"Kama wakataji manyoya," Lineo alisema.

"Wakataji wanagoma. Hawa hawagomi."

Kesho yake nilisimika nguzo. Lineo aliweka jiwe. Nilianza kuamka usiku. Usiku wa kwanza niliikosa, nikakuta Selemela imeshapita nguzo. Usiku wa pili niliipata. Usiku wa tano niliiona ile nyekundu nayo inafika, na nikajua kwamba kutoka moja hadi nyingine ni muda wa kuchemsha motoho na kuunywa na kuosha chungu. Jioni tuliitazama Sefalabohoho inavyoshuka. Tarehe kumi na tano ilikuwa imekaribia mlima. Tarehe kumi na tisa hatukuiona.

"Amekwenda kubadilisha nguo," Lineo alisema.

Mchana tulifanya kazi ya mbuzi. Tuliwaweka mbali na miiba. Mvua ilinyesha mara moja, tukawaingiza wote jikoni. Mbuzi thelathini na mmoja, binti yangu, mimi na chungu. Mbuzi mmoja alikula kalenda. Ilikuwa ya chama, sikusikitika.

Lineo alipeleka simu dukani ikachajiwa. Jumatano mchana, kesho yake ikiwa siku ya waliopitwa, mume wake alipiga kutoka mgodini. Waliongea muda mrefu. Jioni alama ya chaji ilikuwa nyekundu. Tulipomaliza kula ilizima.

"Usiniangalie hivyo, Ntate," Lineo alisema. "Miezi mitatu sijamsikia."

"Sijasema kitu."

"Umesema kwa macho."

"Nenda ulale. Nguzo ipo."

Niliketi penye jiwe. Mwezi ulikuwa mkubwa, umeelekea magharibi. Nilifika pale Selemela ikiwa bado kulia kwa nguzo. Nikaiona inaingia nyuma ya nguzo. Miguu ilitaka kuondoka. Nikaizuia. Selemela ikatokea kushoto. Mwezi ukagusa mlima, ukazama. Nyekundu ikasogea, ikasogea, ikajificha nyuma ya nguzo.

"Lineo!"

"Nimeamka, Ntate. Nilikuwa natazama dirishani. Ulidhani nitakuacha ukeshe peke yako?"

Tulifungua zizi. Mbuzi walitoka taratibu, hakuna aliyekimbizwa. Mwezi ulikuwa umezama, lakini mbingu ilikuwa imejaa nyota na njia ya mawe meupe ilionekana. Tulipokuwa juu ya mto, kitu kiliwaka mbinguni, mstari mrefu, kikazimika. Kisha kingine.

"Umeona?" Lineo alisema. "Ntate Khoaele alisema wiki hii kuna vimondo. Alisema vinatokea karibu na zile tatu za mstari mmoja. Ni vumbi lililoachwa na nyota yenye mkia. Dunia inapita katika vumbi hilo kila mwaka, nalo linawaka."

"Vumbi?"

"Chembe kama mchanga, alisema."

"Mchanga unawaka hivyo?"

"Hicho kingine! Cha tatu. Cha nne."

"Acha kuhesabu, tazama njia. Mbuzi wako anakwenda mtoni."

Alihesabu mpaka kumi na moja. Najua, kwa sababu na mimi nilikuwa nahesabu.

Tulifika Ha Rasebei mashariki ikiwa imeanza kuwa nyeupe. Banda lilikuwa limefungwa. Mlangoni hakukuwa na mtu. Nilikaa kwenye jiwe. Mbuzi walilala wakicheua. Baada ya muda Mme Mamokone alikuja na funguo, blanketi begani, usingizi machoni. Aliona mbuzi, akaniona mimi.

"Ntate Ralineo. Umelala hapa?"

"Nimetoka nyumbani, Mme."

"Na saa?"

"Sina."

"Na simu yenye chaji?"

"Sina."

Alitikisa kichwa, akafungua mlango. Watu wengine walianza kufika. Jua lilipogusa bati la paa, alitoa kalamu moja nyweleni, akafungua daftari.

"Ha Lephoi. Ntate Ralineo."

"Nipo," nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Watu walicheka.

Baada yetu yaliitwa majina matatu bila jibu. Yalipita. Niliwafikiria watu hao, wako njiani wanakimbiza mbuzi. Hakuna aliyewafundisha kitu. Kamati ina muhuri, ina daftari, ina kiti cha kuzunguka, lakini haijawahi kubandika karatasi ya kumwambia mtu asiye na saa aamke vipi.

Mbuzi wote thelathini na mmoja walikatwa. Manyoya yalipimwa, yakafungwa kwenye gunia, gunia likaandikwa jina langu. Yalipungua kidogo kuliko mwaka jana, yale yaliyodondoka. Mengine yote yalipokelewa. Mbuzi walitoka wadogo, wekundu wa ngozi, wanaona aibu. Tuliwarudisha polepole, na siku tatu usiku tuliwalaza jikoni, kwa sababu mbuzi aliyetoka kukatwa baridi inamuua.

Nilipofika nyumbani nilichukua mkaa, nikaandika ukutani kwa ndani. Kuandika kwangu ni kwa shida, nilisoma miaka mitatu. Niliandika: *Okt 8 Selemela. Okt 22 Nyekundu. Nov 12 Zile tatu.* Lineo alisahihisha herufi moja. Majirani wawili walikuja kusoma. Mmoja alisimika nguzo kwake. Mwingine alisema nimechanganyikiwa, kisha akauliza kama anaweza kutumia nguzo yangu.

Tarehe nne Novemba niliamka kabla ya jua. Sikumwamsha Lineo. Nilivuka mto, nikaenda mpaka mwisho wa barabara, nikakaa chini ya bango. Niliondoa siku mbili kwenye ile tarehe sita, kama Ntate Khoaele alivyosema. Muda mfupi nikasikia hatua. Lineo alikuwa anakuja, amebeba kiti kidogo na chupa ya chai.

"Ulidhani sijui kuhesabu siku?" alisema.

Alikaa kwenye kiti. Mashariki ilianza kuwa ya kijivu. Pengo la mlima lilionekana, tupu.

Kisha ikatoka. Ndogo kwanza, chini kabisa ya pengo. Halafu ikawa nyeupe, kali, peke yake. Ilisimama pale pale. Sio kushoto kidogo, sio kulia kidogo. Mimi nimepatazama mahali pale miaka minane, napajua.

"Ni ile ya jioni?" Lineo aliuliza.

"Ni hiyo hiyo."

"Itakuwa hapa tena lini?"

"Hapa hapa, wiki hii hii, baada ya miaka minane mingine. Mimi nitakuwa na sabini na tano."

"Nitakuja na kiti."

Alinimiminia chai. Kulipopambazuka vizuri maandishi ya bango yalianza kusomeka. Lineo aliyasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale walipoandika mwaka ambao barabara itafika Ha Lephoi. Mwaka huo umepita mara tatu. Kila mara wanakuja na rangi, wanaufuta, wanaandika mwingine juu yake.

Nyota haikuandika kitu popote, na imekuja.

Tulikunja kiti, tukaondoka.